Punje ya Ufuta Iliyozima Kompyuta Mara Tatu

Ndugu zangu, leo shahada yangu nusura iaibishwe na punje moja ya ufuta.

Nilikuwa kwenye majaribio ya kazi, katika duka la Bi Zaituni la kuchapa na kurekodi nyimbo, hapa Ruangwa mjini.

Mzee Salumu wa Nambilanje alileta flashi ifomatiwe, kisha ijazwe kaswida. Binti yake anaolewa leo alasiri.

Nikaichomeka, nikaanza kuifomati. Kompyuta ikazima.

Nikatangaza kwa kujiamini: "Ni virusi."

Nikasafisha virusi, nikarudia. Ikazima tena. Mara ya tatu, hali ileile.

"Msomi," Bi Zaituni akauliza mbele ya wateja, "kwani chuoni ulisomea kuzima kompyuta?"

Wakacheka wote. (Nami nilicheka, kwa heshima.)

Ndipo Mzee Salumu alipotoa leso mfukoni ajifute jasho, na ufuta ukamwagika mezani.

"Sampuli ya kuwaonyesha wanunuzi, mwanangu. Hukaa humo pamoja na flashi."

Nikachomoa waya wa umeme na flashi, nikamulika kwa simu tundu la kompyuta la kuchomekea flashi. Punje ilikuwa imebanwa ndani, ikivisukuma vyuma vigusane. Nikaitoa kwa kijiti cha meno.

Safari hii flashi ilifomatika hadi mwisho. Kaswida zikaingia zote.

Bi Zaituni hakucheka tena. Alinyanyuka kwenye kiti chake, akakisogeza kwangu.

"Jumatatu saa mbili, mtaalamu. Usichelewe."

Wanataaluma wenzangu, pongezi zangu ziwekeni hapo chini. Na kabla ya kusema "ni virusi", mulikeni kwanza.