Maharage ya Bibi na Kamera Kubwa ya Padri

Tangu asubuhi kitanda changu hakilaliki. Kimejaa kamera mbili, lenzi tatu, flashi, stendi ya miguu mitatu na chaja ambazo nyaya zake zimesokotana hata sijui ipi ni ya nini. Katikati kuna begi moja, limefunguliwa, linanisubiri niamue. Wiki ijayo nakwenda likizo nje ya nchi, kwa binti yangu, na wenye ndege wameshasema mzigo wangu usizidi kilo ishirini na tatu. Nimepiga watu picha hapa Sumbawanga mjini kwa zaidi ya miaka thelathini, za pasipoti, za harusi, za kipaimara, lakini usidhani rafiki yangu kwamba hilo limenirahisishia kazi. Lenzi ndefu nimeiweka na kuitoa mara nne. Stendi nimeitoa, nikaionea huruma, nikairudisha.

Mchana akaja mdogo wangu kutoka Kasense na mfuko wa salfeti begani. Ndani kuna maharage ya njano na unga wa ulezi. Akautua juu ya kitanda, palepale kati ya kamera, akasema ni vya mtoto wetu, maana huko aliko hawana maharage. Nikacheka. Eti hawana maharage. Halafu kicheko kikanikauka mdomoni, kwa sababu begi lile na mfuko ule nilikwisha kuviona zamani, nikiwa na miaka tisa, nimesimama kwenye mlango wa jiko la misheni.

Enzi hizo tulikuwa bado tunakaa kule juu, mgongoni mwa mlima, kabla hatujahamishiwa kijiji cha ujamaa. Wewe uliyekulia Ufipa unaijua baridi ya mwezi wa sita, upepo unaotoka popote bila mti wa kuuzuia, unapita kwenye nyasi siku nzima kama mtu anayetafuta kitu alichopoteza. Mimi na bibi tulikuwa tunaamka na kukaa jikoni kwake mpaka jua lipate nguvu. Alikuwa anachoma mahindi makavu kwenye kigae, na mimi napepeta ulezi, na makapi yananiingia puani napiga chafya, na yeye ananiambia niache kuupigia ulezi kelele. Mama alikuwa mpishi misheni, anaondoka alfajiri na kurudi jioni akinuka sabuni na vitunguu. Kwa hiyo mchana kutwa nilikuwa wa bibi.

Nyumba ya bibi aliijenga babu kwa mikono yake, na babu alikufa kabla sijazaliwa. Ilikuwa ya miti na udongo, imepakwa chokaa ya udongo mweupe ambayo bibi alikuwa anairudia kila mwaka baada ya mavuno, mpaka kiwiko kinauma. Mlango ulikuwa ubao mmoja mpana, babu aliuchonga kwa shoka, na ukiupitishia kiganja ulikuwa unahisi meno ya shoka yote. Mbele palikuwa na kihenge cha ulezi na jiwe la kusagia. Kwa macho ya leo hapakuwa na kitu. Kwa bibi ndiyo ilikuwa mali yote.

Basi mwenyekiti akaja na wenzake, wakatuita, wakatuambia kabla ya mvua kila mtu awe ameshuka barabarani, huko kuna shule, zahanati na bomba. Watu walinung'unika, wengine walifurahi, wote wakaanza kung'oa miti ya nyumba zao ili wakajengee huko. Bibi hakubisha. Alisema atahama, ila kwanza padri aje ampige picha akiwa amesimama na nyumba yake. Mama alimuuliza ya nini. Akasema, "Nikiisahau, niitazame."

Padri wetu alikuwa mzungu aliyekaa Ufipa miaka mingi mpaka Kifipa chake kikawa kinawachekesha wazee kwa jinsi kilivyonyooka. Alikuwa na kamera mbili na alizipenda kuliko pikipiki yake. Moja ilikuwa ndogo, inaingia mfukoni. Nyingine ilikuwa kubwa, nzito, imevaa mkoba wa ngozi wa kahawia. Alikuja siku ambayo nyumba ya jirani ilikuwa imebaki mbavu tu. Alitoa ile ndogo kwanza, akaipindua, akasema filamu yake imeisha. Akatoa ile kubwa.

Bibi alivaa kitenge chake cha Krismasi. Alisimama mbele ya mlango, mkono mmoja kwenye ubao, amekaza uso kama anasubiri sindano. Mimi nilipewa kazi ya kumshika jogoo asipite mbele. Padri alipokuwa tayari aliniita, akaniambia niweke jicho. Nikamwachia jogoo nikaweka jicho. Ndani ya kile kidirisha niliona nyumba yetu ndogo, nzima, na bibi ndani yake mdogo kama punje, na chokaa nyeupe, na anga. Sikujua kama vitu vinaweza kutulia namna ile. Padri akaichukua kamera, akabonyeza. Kwa hiyo picha ile, katika dunia nzima, tuliiona watu wawili tu.

Wiki ileile tukabomoa. Mlango wa ubao tuliubeba, ila njiani ulipasuka, ukawa kuni.

Baada ya mavuno, tukiwa tumeshahamia barabarani, ikasikika kwamba padri anakwenda likizo kwao Ulaya, miezi mitatu, kumwona mama yake mzee. Siku moja kabla ya safari mama alinichukua misheni nimsaidie kuosha vyombo. Padri alikuwa amemwaga vitu vyake vyote juu ya meza ya kulia chakula: kamera mbili, lenzi, stendi ya chuma, taa ya picha yenye uso kama sahani, viatu, vitabu. Ndege ndogo iliyokuwa inakuja kumchukua ilikuwa haibebi mzigo mwingi, na rubani alikuwa mtu wa kupima. Padri akachukua mizani ya kuning'iniza, ileile ambayo mama alikuwa anapimia unga, akaanza kupima begi, anatoa kitu, anapima, anaingiza kingine. Alimuuliza mama ushauri. Mama akasema yeye anajua kupima chumvi tu. Mwishoni begi likatosha, na kamera zote mbili zikiwa ndani. Padri alifurahi, akapiga mluzi.

Ndipo wakaja akina mama wa kijiji, bibi yangu mbele. Walikuja kumpa padri chakula cha njiani. Kwetu mtu haendi mbali mikono mitupu, na chakula cha safari hakikataliwi, hata awe askofu. Ukikikataa umesema hutarudi. Wakachuchumaa kwenye ukumbi, wakapiga makofi ya salamu, wakaweka chini vikapu vyao. Unga wa ulezi, karanga, na maharage ya bibi, ambayo alikuwa ameyachagua moja moja kwa siku mbili, yaliyotoboka pembeni, mazima kikapuni. Na kumbuka ule ulikuwa mwaka tuliolala na njaa zaidi ya mara moja, kwa kuwa mashamba yalibaki kule juu na sisi tuko chini.

Padri aliijua desturi. Nilimwona akilitazama begi, akiwatazama akina mama, akilitazama begi tena. Kisha akalifungua. Akatoa stendi. Akatoa lenzi ndefu, taa, viatu vyote. Akamimina maharage kwenye soksi zake ndefu, akina mama wakacheka mpaka wakashikana. Akapima. Bado. Akabaki na kamera mbili, moja mkono huu, nyingine mkono ule, kama mtu anayechagua boga sokoni. Ile kubwa akairudisha mezani. Ile ndogo akaigonga kwa kidole, akamwambia bibi, "Wewe umo humu. Nitakurudisha ukiwa kwenye karatasi."

Bibi akapiga makofi kushukuru.

Mimi nilikuwa mlangoni, mikono ina povu. Nilijua bibi hayumo humo. Alikuwa mle kwenye kamera iliyolala mezani, nilikuwa nimemwona kwa jicho langu. Nikasogea kwa mama nikamnong'oneza kwa Kifipa kwamba padri amekosea. Mama alinifinya mkono, bila hata kunitazama, akasema kwa meno yaliyofungwa, "Unamsahihisha padri mbele ya watu?" Nikarudi mlangoni. Mtoto wa siku zile alikuwa hana pa kuliweka neno lake. Begi likafungwa kwa mkanda.

Njiani kurudi nilimwambia bibi. Alisimama. Akaniuliza kama nina hakika, nikamwambia nina hakika, ile ndogo ilikuwa imeisha filamu. Nikamvuta kitenge, nikasema turudi, bado hajaondoka. Bibi aliangalia kule misheni muda mrefu, nikaona kabisa kwamba miguu yake inataka. Kisha akasema, "Nirudi nikamwambie atoe chakula nilichompa? Chakula kikishatoka kimetoka, mwanangu. Si atarudi?"

Tukaendelea kutembea. Nililia mpaka nyumbani, yeye akawaambia wenzake nimechoka.

Miezi mitatu ikapita, ikawa sita. Bibi alikuwa akikutana na mtu yeyote wa misheni anauliza hali ya padri kwa upole, kama vile anaulizia afya tu. Kisha ikaja bahasha nene, yenye stempu za malkia au mfalme gani sijui. Padri aliandika kwamba daktari wa kwao amemkatalia kurudi, moyo wake haufai tena kwa pikipiki. Aliomba tumwombee. Ndani aliweka picha, zote kutoka kamera ile ndogo: ndama wa misheni, watoto wa kwaya, mashamba na matuta yetu ya mviringo. Bibi alizipokea kwa mikono miwili. Alizipitia moja moja, akizigeuza juu chini, akazirudia. Mama akajua sasa nilichokuwa nimemnong'oneza, na sikuona raha yoyote kwamba nilikuwa nimesema kweli.

Picha ya mwisho padri alikuwa amekaa mezani kwao na mama yake, kikongwe mwenye shali, mbele yao bakuli la maharage. Nyuma ameandika kwamba mama yake aliomba aongezewe. Bibi akaitazama hiyo kuliko zote. "Mama yake ana nyumba nzuri," akasema. Akaomba aitunze yeye. Ikakaa ukutani kwake, mlemle kwenye kibanda cha barabarani, mpaka alipokufa miaka miwili baadaye, na watu wageni walipokuwa wanaingia wanauliza huyu kikongwe wa kizungu ni nani yako, anawajibu ni mwenzangu.

Kamera kubwa? Mama alijikaza akaenda kwa padri mpya kuiulizia. Alikuwa mtu mwema, akatufungulia kabati. Mkoba wa ngozi ulikuwepo. Lakini kuna mtu alikuwa ameiazima kwa ajili ya harusi, akaifungua mgongo juani aone kama ina filamu. Ilikuwa nayo. Ilikuwa inaning'inia nje kama ulimi. Nilikuwa na miaka kumi. Sikujua bado kwamba mwanga unaoandika picha ndio unaoifuta, hilo nilikuja kulijua baadaye, nilipojifunza kazi, na ninakuambia kweli nadhani kazi hii niliichukua kwa ajili ya siku ile.

Mwaka juzi nilipanda kule mgongoni na hizi kamera zangu za bei kubwa. Ni shamba la mahindi. Nilizunguka nikitafuta hata jiwe la kusagia, nikapiga picha thelathini za mahindi, nikarudi. Na uso wa bibi, wacha nikueleze ukweli, umeniponyoka. Nakumbuka kitenge. Nakumbuka mkono kwenye ubao. Nikiufuata mkono kwenda juu, pale penye uso pananizimikia.

Juzi mjukuu wangu wa huko ng'ambo, naye ana miaka tisa, aliniambia kwenye simu nisisahau kumletea picha ya bibi yangu, ni ya kazi ya shule, kila mtoto anapeleka ya kwao. Nikasema sawa.

Sasa jioni imeingia na mdogo wangu yuko jikoni anapika. Lenzi zote nimezitoa, na stendi, na kamera moja. Maharage yameingia na unga umeingia. Kamera inayobaki nyumbani nimeitoa kwanza kadi ya picha zake, nikaifunga kwenye pindo la kitenge. Kisha nimefungua sanduku la mama nikachukua picha ile iliyopauka, ya kikongwe nisiyemjua jina, mwenye shali, mezani kwao. Ndiyo pekee niliyonayo. Nimeiweka juu kabisa ya maharage. Mjukuu wangu ataniuliza bibi yako ni yupi hapa, nami nitamwekea kidole chake kwenye lile bakuli la maharage yake.