Mwanangu Alipanga Foleni ya Choo Peke Yake

Asubuhi ya kwanza mwanangu kuamka nyumbani kwetu, nilimkuta amepanga foleni ya choo.

Peke yake.

Mlango uko wazi, ndani hamna mtu. Yeye kasimama wima kwenye korido, mkono mmoja kaunyoosha mbele, hewani, kama ameshika bega la mtu ambaye mimi simwoni.

"Ingia mwanangu," nikamwambia. "Hamna mtu humo."

Akanitazama. Akatazama nyuma yake. Akarudi kuutazama mlango.

Hakuingia.

Jamani, nywele zilinisimama. Nikarudi chumbani mbio kumwamsha mume wangu.

"Amka! Mtoto anaona watu!"

Tulipofika koridoni tukakuta ameshajikojolea pale pale aliposimama, na mkono bado uko hewani.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, msije mkadhani niliokota mtoto wa majini.

Mimi ni mshereheshaji. Ndiye yule mwenye maikrofoni harusini, anayewaambia simameni, kaeni, pigeni vigelegele. Mdomo ndio jembe langu. Mume wangu ni fundi wa friji, na Mungu alipokuwa anagawa maneno nadhani yeye alikuwa nyuma ya friji anakaza nati. Mtaani wanamwita Fundi Kimya.

Tulikaa miaka mingi bila mtoto. Tukahangaika wee, mwisho tukaamua kuasili. Kwenye kituo cha kulelea watoto tukampata binti wa miaka minne, ana doa dogo jeusi shavuni. Tukamwita Kidoti.

Sasa mtoto wa kuasili hupewi tu ukaondoka naye kama mkate. Kwanza mnakaa naye kwa majaribio. Afisa wa ustawi wa jamii anakuja nyumbani kuangalia mtoto anakuaje. Akiridhika, anakuwa wenu. Asiporidhika, anaondoka naye.

Na mimi nilikuwa nimeshampenda tangu siku ile kituoni. Nilishamnunulia hata mswaki.

Ila mwanangu alikuwa na mambo yake. Kitanda tulimnunulia kipana, yeye analala pembeni kabisa, nusu mguu uko nje. Chakula, ukigeuka kuchukua maji, ukirudi sahani nyeupe. Mkate anauficha kwenye kiatu. Na kuongea, haongei. Hata ndiyo hasemi.

Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye na hajawahi kunong'ona tangu azaliwe, akaanza.

"Mke wa mwanangu, huyu mtoto kichwa kiko sawa? Choo anakiona. Mlango uko wazi. Haja anayo. Sasa tatizo nini?"

"Mama, anakusikia."

"Angekuwa anasikia angeingia!"

Afisa akaja mara ya kwanza. Mama mmoja mpole, ana miwani na sauti ya chini. Akatandaza vipande vya mbao vya rangi rangi na picha za wanyama.

"Kidoti, hebu tujenge nyumba."

Kidoti akavipanga vile vipande mstari mmoja mrefu, kimoja nyuma ya kingine. Kimoja akakitia kwenye kiatu.

"Na huyu ni mnyama gani?"

Kimya.

Afisa akanivuta pembeni. Akasema mtoto yuko nyuma ya umri wake, tena sana. Akasema atarudi baada ya miezi michache. "Nisipoona mabadiliko, itabidi tumpeleke mahali penye wataalamu. Sisemi hivi kwa ubaya, mama."

Najua hakusema kwa ubaya. Lakini nililia jikoni mpaka vitunguu vikanionea huruma.

Kesho yake nikaanza kumfundisha. Na mimi nikifundisha, mtaa mzima unafundishwa.

"SEMA MAMA! SEMA KUKU! HII NYEKUNDU!"

Akajificha chini ya meza. Kadiri nilivyopaza sauti ndivyo alivyozidi kusogea ukutani. Mpaka jirani mmoja akanijibu kupitia dirishani: "Tumeelewa, mama, ni nyekundu!"

Aliyetuokoa ni friji.

Friji ya kule kituoni iliharibika, wakamwita mume wangu. Akarudi jioni, akanawa mikono, akakaa. Kisha akaongea. Niliacha kila nilichokuwa nafanya, maana mume wangu akisema sentensi mbili mfululizo ujue kuna jambo.

"Watoto kule ni wengi, mlezi mmoja. Wakienda choo wanapanga mstari, kila mtu kashika bega la mwenzake. Mlezi anakaa nyuma. Anambonyeza bega wa mwisho, naye anambonyeza wa mbele yake, hivyo hivyo mpaka anafikiwa wa kwanza. Ukibonyezwa, ndipo unaingia."

Nikashusha mwiko.

"Kwa hiyo haoni watu?"

"Anasubiri kubonyezwa."

Basi asubuhi mume wangu akaenda akasimama nyuma ya Kidoti. Akamwekea mkono begani. Akabonyeza kidogo.

Mtoto akaingia chooni kama mshale! Akamaliza, akavuta maji, akatoka, akazunguka akaenda kusimama nyuma ya baba yake.

Akambonyeza yeye sasa.

Mume wangu hakuwa na haja yoyote asubuhi ile. Lakini utafanyaje? Akaingia.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa na foleni ya choo. Watu wanne, choo kimoja, korido nyembamba. Mama mkwe ndiye aliyelalamika zaidi.

"Na umri wangu huu nipange foleni kwa mwanangu mwenyewe? Mimi nina kibofu cha mtu mzima!"

Kidoti akageuka, akamwekea kidole mdomoni: shh.

Na mama mkwe akanyamaza. Mimi nimejaribu jambo hilo tangu nilipoolewa.

Mkate nao tulianza kuuacha mezani mchana kutwa, achukue akitaka. Mwanzoni alibeba mwingi. Baadaye akabeba kidogo. Siku nyingine nikakagua kiatu nikakuta mguu tu.

Sasa kuhusu kuongea. Mimi nilishakata tamaa ya kufundisha, nikarudi kwenye kazi zangu. Nikiwa na shughuli, huwa nafanya mazoezi jikoni na mwiko ndio maikrofoni. Kidoti alikuwa anakaa chini ya meza akinitazama. Simwiti, simsumbui.

Mchana mmoja nikaenda kuanua nguo. Narudi, nasikia sauti jikoni. Nyembamba, lakini imejaa madaha.

"Mabibi na mabwana!"

Nikachungulia. Kidoti kapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, mwiko mkononi, kidevu juu.

"Naomba tusimame kwa heshima! Bibi anaelekea chooni! Vigelegele!"

Na mama mkwe wangu, yuko katikati ya korido na ndala zake, akapunga mkono kama mgeni rasmi.

Basi ikawa hivyo. Maneno yake yote yalikuja kwa mtindo wa harusi. Akitaka maji: "Tunaomba maji yafike meza kuu." Akichoka: "Tumefika mwisho wa ratiba." Baba yake akirudi kazini: "Anaingia, anaingia, mpokeeni!" Fundi Kimya wa watu akaanza kuingia nyumbani kwake akicheza.

Lakini bila mwiko, bubu. Neno halitoki.

Siku ya afisa kurudi ikafika, na hapo ndipo mimi na mama mkwe tulipokubaliana jambo kwa mara ya kwanza, na tulikuwa wajinga wote wawili.

"Uficheni huo mwiko," akasema. "Afisa atasema tunamlea mtoto wa sherehe."

Nikaona ana hoja. Nikamvalisha Kidoti gauni, nikamwambia leo tunaongea vizuri, kama watu.

Afisa akakaa, akatoa picha.

"Kidoti, huyu ni mnyama gani?"

Kimya.

"Na hii rangi gani?"

Kimya. Macho yake yanazunguka chumba kizima yanatafuta kitu. Mimi nikajua anatafuta nini. Afisa akavua miwani, akaifuta taratibu. Nikaona mwanangu anaondoka. Nilimwona kabisa mlangoni na kimfuko chake.

Mume wangu akasimama. Akaenda mpaka kwenye kochi.

"Mama," akasema, "inuka."

"Niinuke niende wapi?"

"Inuka tu, mama."

Mama mkwe akainuka. Mwiko ulikuwa chini yake, ameukalia. Mume wangu akaupangusa kwenye shati, akampa mtoto.

Kidoti akavuta pumzi.

"Mabibi na mabwana! Mbele yenu ni ng'ombe! Ana miguu minne kama mnavyojionea wenyewe! Anatupa maziwa! Anafuatiwa na mbuzi, naye ana ndevu! Makofi kwa mbuzi!"

Afisa akapiga makofi. Hakukusudia, mikono ilijiendea yenyewe.

Rangi zote akazitaja, kila moja ikikaribishwa jukwaani. Vipande vya mbao akajengea ukumbi wa harusi, una milango miwili na mahali pa wapishi. Afisa akawa anaegemea mbele kama yuko kwenye filamu.

Kisha akauliza, kwa ile sauti yake ya chini: "Na hapa nyumbani, Kidoti, unaishi na nani?"

Kidoti akafikiri. Akashusha mwiko, akauweka mezani. Moyo wangu ukashuka pamoja nao.

Akanielekeza kidole.

"Mama yake Kidoti," akasema, bila mwiko, kwa sauti ya kawaida ya mtoto. "Asimame, tumwone."

Jamani. Nimesimamisha mama wa maharusi wengi. Nimewaambia mama mzazi simama tukuone, wakasimama na vitenge vyao, wanafuta machozi, na mimi nacheka nao huku ndani nasaga meno, maana nilijua hilo neno mimi sitaitwa kamwe.

Sasa nimeitwa. Miguu ikakataa kabisa. Ilibidi mama mkwe aniinue kwa kwapa.

"Simama bwana, umeitwa!" akasema, na yeye mwenyewe analia.

Afisa naye akaomba kujisaidia kidogo. Akauliza choo kiko wapi.

Akatangulia koridoni. Aligeuka akakuta Kidoti yuko nyuma yake, kamshika nguo. Nyuma ya Kidoti mama mkwe, nyuma yake mimi, mwisho mume wangu. Hatukuambiana. Miguu ilishazoea.

Mume wangu akanibonyeza. Nikambonyeza mama mkwe. Mama mkwe akambonyeza Kidoti. Kidoti akanyoosha mkono akamfikia afisa kiunoni, akabonyeza.

Afisa akatutazama mmoja mmoja.

"Nilikuja kuona kama mtoto ameweza kuizoea nyumba yenu," akasema.

Hakumalizia. Akaingia, na kule ndani tukamsikia anacheka peke yake.

Kidoti ni wetu sasa, kisheria kabisa. Siku ya mahakama hakimu alikaribishwa kwa vigelegele, lakini hiyo niiache.

Ninachotaka kuwaambia kilitokea juzi.

Nimeamka, nimeenda koridoni kama kawaida. Nimesimama. Mume wangu kaja nyuma yangu, kaweka mkono begani. Mama mkwe kaja na ndala zake, kajipanga. Tumetulia, tunasubiri.

Kidoti akatokea sebuleni, keshavaa sare ya shule, mswaki mdomoni, povu mpaka kidevuni. Ametuangalia. Akaangalia mlango. Akatuangalia tena.

"Mama," akasema, "mnamsubiri nani? Mlango uko wazi. Hamna mtu humo."

Akatupita, akaingia, akafunga mlango.

Mama mkwe akanigeukia, mkono bado uko begani kwa mwanawe. "Mke wa mwanangu," akasema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alinong'ona, "hivi sisi vichwa viko sawa?"

Kwa hiyo ukimwona mtoto anafanya kitu usichokielewa, usikimbilie kusema hana akili. Uliza kwanza, kule alikotoka, akili ilikuwa inatumika kufanya nini. Halafu msogelee, umbonyeze bega taratibu.

Na uwe tayari, maana na wewe utabonyezwa.