Mama Ameacha Dawa za Presha kwa Sababu ya Mstari Niliochora

Admin, usiweke jina langu wala la shule, huku Machakos tunajuana. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, mwalimu wa hisabati.

Baba alipofariki alimwachia mama hisa kidogo. Mama anaishi Kalama, analima, na kila Jumapili alikuwa ananiuliza, "Zile hisa za baba yako zinaendaje?" Nikaona aibu mwalimu mzima kukosa jibu, nikaanza kujisomea kwenye simu. Nikajifunza namba za Fibonacci, ambapo kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia: tano, nane, kumi na tatu, ishirini na moja. Unahesabu siku tangu bei ilipofika juu kabisa au chini kabisa, na zikifika hizo unategemea soko ligeuke. Nikajifunza pia mstari wa wastani: unajumlisha bei za siku ishirini na moja, unagawa, kesho unatoa ya zamani na kuingiza mpya.

Nilimchorea mama grafu na akashangaa jinsi bei zilivyogeuka palepale kwenye siku nilizohesabu. Hapa ndipo pa kuungama. Nilikuwa nachagua siku ya kuanzia kuhesabu baada ya kuona bei imegeukia wapi. Nilipenda kusifiwa, basi. Alitaka kuuza hisa anunue tangi la maji nikamkataza, nikamwambia asiogope bei ya siku moja, aangalie mstari. Zimeshuka vibaya, na mpaka leo namwambia zinapanda.

Mama ana presha. Hupima kila asubuhi na kuandika kwenye daftari. Siku moja akaniambia, "Si unichoree na yangu?" Nikacheka, nikachora. Mstari ulikuwa unashuka vizuri kwa sababu daktari alikuwa amembadilishia dawa. Kwa mzaha nikahesabu tangu siku presha ilipopanda zaidi, nikamwambia, kwa jina la mama kwa Kikamba chetu, "Mwaitu, siku ya ishirini na moja hii kitu itageuka kabisa, upone." Mzaha wenyewe ndio huo.

Jana nimeenda kumwona nikakuta dawa hazijaguswa. Nilipomuuliza akajibu bila wasiwasi, "Niliacha, siku ya tano sasa. Zinanipa kizunguzungu nikiwa shamba. Na hiyo mstari yako si inaenda chini?"

Nilifungua daftari. Namba ya asubuhi hiyo ilikuwa mia moja na tisini kwa mia moja na kumi na mbili. Nikachukua kalamu, nikaongeza namba mpya kwenye grafu. Mstari bado ulikuwa unashuka, kwa sababu namba kubwa za zamani zilikuwa zinatoka na hizi mpya zimemezwa katikati ya zile nzuri. Wastani huchelewa. Najua hilo, nafundisha hilo.

"Mwaitu, twende hospitali sasa hivi."

"Hiyo ni siku moja tu. Si ni wewe uliniambia tusiogope siku moja?"

"Hizo zilikuwa hisa. Hii ni damu yako!"

"Namba ni namba. Na mwalimu ni wewe."

Nilibembeleza mpaka jua likazama, akakataa hata kidonge kimoja. Anasema nina woga kama wa marehemu baba. Muuguzi wa kliniki anakotibiwa nilimpigia, akasisitiza arudishwe kwenye dawa mara moja, na akaniomba nisimpe mama habari za kumshtua.

Sasa niko hapa nimekwama. Nikimwambia grafu zangu ni uongo, ataniuliza kuhusu hisa za mumewe, na sijui moyo wake utapokeaje. Nikinyamaza, hamezi dawa. Nimefikiria hata kumchorea mstari mwingine wa uongo unaosema dawa zirudi, na wazo hilo linanitisha kuliko yote, kwa sababu najua atauamini.

Leo amepima tena na kukataa kuniambia amepata ngapi. Kesho ndiyo siku ya ishirini na moja. Amesema akiamka hatapima, ataenda moja kwa moja kulima, kwa sababu mwanawe amehesabu. Simu ikilia tu naruka. Ndugu zangu, wenye wazazi wa presha, nishaurini kabla hakujakucha: nimwambie nini mama yangu?