Daftari la Wapiga Kelele

Harufu ya chaki mpya hunirudisha Babati, enzi mkoa wetu ulipokuwa mchanga na kila ofisi mjini ikinuka rangi. Nilikuwa kidato cha pili. Kila mwezi kiranja aliniandika kwenye daftari la wapiga kelele: nimelia darasani, nimemtukana jirani yangu wa dawati, nimegoma kujibu swali. Wiki iliyofuata nilikuwa mtulivu kama maji ya mtungi. Mimi mwenyewe nilijiogopa.

Siku moja nilipiga magoti mbele ya matroni nikingoja fimbo. Akafunua kurasa za nyuma za daftari lile, polepole, kidole kikifuata tarehe.

“Siku zako zinaanza lini, mwanangu?”

“Keshokutwa, mwalimu,” nilinong'ona.

“Na mwezi uliopita, ulipoandikwa hapa?”

Nilihesabu kwa vidole. “Zilianza siku mbili baadaye.”

Fimbo akairudisha juu ya kabati.

“Kumbe mwili wako hubisha hodi kwa kishindo! Mwezi ujao uniambie mapema. Kesho nakupeleka hospitali, wakusikilize.”

Nilitoka nikiwa mwepesi.

Sasa mimi ni mwalimu, na asubuhi hii kiranja wa darasa langu ameniletea daftari lake. Kabla ya kusoma majina, nimesoma tarehe.