Rota ya Gari la Baba Mkwe

Mimi siamini mtu upesi. Nimekulia kwenye gereji ya baba yangu Tukuyu, ambako ukiweka spana chini na kugeuka upige chafya, unarudi kuokota hewa. Kwa hiyo asubuhi nilipofungua boneti la gari la baba mkwe wangu nikakuta rota haipo, sikuwaza panya. Niliwaza mtu.

Lilikuwa gari la mbio la zamani, jekundu lililopauka, lenye viti viwili tu na boneti refu kuliko sehemu ya kukaa watu. Mzee alilinunua ujanani kwa meneja wa shamba la chai aliyekuwa anarudi kwao. Kwa miaka mingi lilikaa bandani kwake Ndandalo, wilayani Kyela, limefunikwa magunia ya kakao. Sasa macho ya mzee yalikuwa yanafifia, na daktari alishasema hayatarudi. Ombi lake lilikuwa moja: gari lifufuliwe, apelekwe Matema akalione ziwa akiwa ndani ya gari lake kabla giza halijamfunga. Mume wangu hata baiskeli inamshinda. Mdogo wake anajua bodaboda basi. Fundi na dereva nilikuwa mimi.

Taabu ni kwamba mimi na mzee hatukutani. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, na akimwona njiani anaiacha njia. Wengi siku hizi wamelegeza, lakini mzee wetu hakulegeza kitu. Basi nikiwa bandani, yeye hukaa upande wa pili wa ukuta, na maneno yetu hupitia kwa mama mkwe, aliyekaa mlangoni akichagua mchele, ingawa wote tunasikiana vizuri kabisa.

"Mwambie aliyemo humo," mzee alisema, "kabureta ni mbili. Asije akasafisha moja akadhani kamaliza."

"Mwambie baba nimeziona zote."

"Amesema ameziona," mama akarudia bila kuinua uso.

Hivyo ndivyo tulivyolifufua. Yeye alitaja koili ilipo, pampu ya petroli ilipojificha, mpira wa rejeta unaopenda kupasuka, nami nikavitafuta kwa vidole chini ya vumbi. Plagi nilizipata mjini Kyela kwa muuza vipuri mmoja ambaye hakuamini kwamba gari la namna hiyo bado liko duniani. Rota, kile kidude cheusi kinachozunguka ndani ya distributa na kugawa moto kwa kila plagi, niliipiga msasa nikairudisha. Jioni injini ikaunguruma, mama akapiga vigelegele. Nyuma ya ukuta mzee alikohoa tu.

Kesho yake ndipo rota ikawa haipo. Nilimshuku shemeji. Nimshuku nani mwingine? Kutwa ananuka petroli.

"Shemeji, umechukua nini kwenye gari?"

"Mimi? Hicho kidude kitanisaidia nini kwenye pikipiki?"

"Nani amesema ni kidude?"

"Si umekuwa ukikililia tangu asubuhi, mtaa mzima umesikia!"

Nilimkagua mpaka chini ya kiti cha pikipiki, na radhi sijamwomba hadi leo. Siku iliyofuata rota ilikuwa imerudi mahali pake, ila waya wa koili, unaoleta moto, umechomolewa. Hapo nikawaka. Mwizi huchukua akaenda zake. Huyu alikuwa anaichezea akili yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema, nikamwaga pumba za mpunga kulizunguka gari lote.

Asubuhi nikakuta alama za katambuga, vile viatu vya matairi, na pembeni yake matundu ya fimbo. Katika nyumba ile ni mtu mmoja tu anayetembea na fimbo.

"Mama," nilimwambia mama mkwe jikoni, "ni baba."

Hakushtuka. "Gari lina viti viwili, mwanangu. Yeye akae wapi, na wewe ukae wapi? Mgusane mabega mpaka Matema? Kukataa hawezi, maana ameomba mwenyewe. Kukubali nako hawezi."

Jibu lilikaribia kunitosha. Kilichobaki kunikereketa ni yale matundu. Yalikuwa mengi mno, yamelizunguka gari lote, mbele na nyuma, kama ya mtu anayetafuta boneti liko upande gani. Sikumwambia mtu.

Tulifunga kitenge katikati ya viti, kutoka paani hadi kwenye breki ya mkono. Mzee alipoambiwa, waya ukarudi mahali pake bila maelezo. Siku ya safari mama alimwongoza hadi kwenye kiti nami nimegeukia ukutani, kisha tukaondoka, mume wangu na mdogo wake wakitufuata kwa bodaboda na kumeza vumbi letu.

Tulipita Ipinda. Injini ilikuwa inavuta vizuri, na ziwa lilikuwa bado mbali. Upepo ukakiinua kitenge, nikauona uso wa baba mkwe kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameugeuzia dirisha lake, anatabasamu. Nje kulikuwa na mpunga tu, na wanawake wameinama wakipalilia.

"Ziwa limetulia leo," alisema.

Mama hakuwepo wa kupitisha maneno. Shuku yangu juu ya yale matundu ilikuwa ya kweli, na sijawahi kuchukia kuwa sahihi kama siku ile. Nikapunguza mwendo.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Limetulia. Kuna mitumbwi karibu na ufuko, na watoto wanaoga."

Fimbo yake ikagonga sakafu ya gari polepole.

"Ndaga fijo," akanishukuru kwa Kinyakyusa nyuma ya kitenge. "Endelea."