Sufuria Iliyotundikwa Mpapaini

Juzi, kule Ngombezi, nilimwona kijana wa Handeni aliyepata kazi katika kiwanda cha mkonge akikagua nyumba atakayopanga na wanaume wawili asiowajua, waliokwisha kuhamia humo. Chumba hakukitazama. Alikwenda moja kwa moja jikoni, sanduku la bati mkononi, akainama na kunusa sufuria.

"Samahani, ndugu zangu. Humu mnapika nguruwe?"

Mmoja wao, mwenye msalaba shingoni, alinyoosha kidevu kuonyesha sufuria nyeusi iliyotundikwa nje, mpapaini.

"Tunapikia ile. Hiyo uliyonusa tumeinunua jana, tuliposikia anayekuja ni Mwislamu."

Kijana akalitua sanduku.

Mikutano ya ujamaa nimehudhuria mingi, nikapiga makofi, nikarudi kulala kwangu. Juzi ndipo nilipotamani kuhamia kwao.