Jagi la Uji kwenye Rafu ya Mume Wangu

Mume wangu anakusanya vyombo visivyotumika. Ana bata wa kioo cha kijani ambaye hataogelea popote. Ana chombo kirefu cha maua, cha bluu, kisichotiwa ua hata moja, kwa sababu ati maji yataacha alama. Ana kisahani kizito cha majivu ya sigara, na ukoo wao mzima umeokoka, hakuna anayevuta. Ana sanamu ya kauri ya mwanamke asiye na uso wala mikono. Nikiwa nje nafua nepi kwa maji ya hapa Kibugu, yale ya kukata vidole kwa baridi, huwa namwona dirishani na kumwonea wivu. Hana mikono, hawezi kutumwa.

"Hivi ni vitu vya miaka ya hamsini na sitini," huwa ananieleza. "Havitengenezwi tena."

"Hata nyanya yangu hatengenezwi tena," nilimjibu siku moja, "na hakuna aliyemweka kwenye rafu."

Yeye ni karani mjini Embu. Wanaume wengine Jumamosi hupogoa michai au hulala. Wangu hupanda pikipiki kuzunguka kwenye maboma ya wazee: walimu wa kwanza, wapishi wa misheni, watu waliobaki na vyombo vya wazungu walipofunga mizigo baada ya uhuru. Hubeba mabeseni mapya ya plastiki, mekundu na ya manjano, akabadilishana na wamama wazee. Bibi mmoja hutoa bakuli la kioo alilopewa mamake, hupokea beseni litakalopasuka kabla ya mvua nyingine. Kazi hii mume wangu huiita kuokoa. Nilimuuliza anaviokoa kutoka kwa nani. Akasema kutoka kwa watu wasiojua thamani. Yaani kutoka kwa wenyewe.

Yote hayo ningeyavumilia. Mwanamke aliyeolewa mbali huvumilia mengi, na mimi nilitoka Muthara, kule Tigania, nikaja kuishi na watu wanaocheka Kimeru changu kila nikifungua mdomo. Mamangu yuko mbali. Jamaa niliokuwa nao Kibugu walikuwa ni wanawake wa ule mteremko wetu tu, na ni hao mume wangu aliowakosea.

Nilipojifungua walikuja kuona mtoto, kama inavyotakiwa. Walipitia mlango wa jikoni, mmoja na kuni mgongoni, mwingine na ndizi, mwingine na njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, zilizopondwa. Shosho, bibi jirani yetu, mkongwe kuliko wote, alileta uji kwenye jagi lake. Jagi hilo ni la kauri, rangi ya chungwa lililoiva sana, lina madoa meusi na mdomo uliochongoka kama wa bata. Alipewa na wamishonari wakati wa kuondoka kwao, akiwa bado msichana wa kulima bustani yao. Tangu hapo kila mtoto aliyezaliwa kwenye ule mteremko, mamake amekunywa uji wa kwanza kutoka kwenye jagi hilo. Na mimi niliunywa. Ulikuwa umechachuka vizuri, mpaka maziwa yakashuka.

Sasa, kwetu na kwao sheria ya chombo ni moja. Chombo kilicholetwa na chakula hakirudi kitupu. Unakiosha, unatia chako, hata kama ni viazi viwili, unarudisha. Na mwenye chombo haulizi. Akiuliza, ni kama amekuita mwizi mbele ya watoto wako. Ananyamaza na kungoja.

Mume wangu amezaliwa hapo hapo. Alilelewa na sheria hiyo. Lakini mimi nikiwa bado kitandani, alilipindua jagi jikoni, akaona muhuri wa kiwanda chini yake, akatetemeka kama mtu aliyeona malaika. Nilipoweza kutembea hadi sebuleni nililikuta kwenye rafu, katikati ya bata na yule mwanamke asiye na mikono.

"Hilo si la shosho?"

"Alituachia."

"Alikwambia?"

"Mama Toto, si angeuliza? Amepita hapa mara ngapi? Hajauliza hata siku moja."

Mtu amesoma mpaka chuo! Akachukua adabu ya mwanamke mzee akaifanya hati ya kumilikia.

Nikamwambia nalirudisha. Kesho yake nikakuta rafu ina mlango wa kioo na kufuli, ufunguo ameenda nao kazini. Na mimi ningemwendea shosho nimwambie nini? Nimwulize, "Ulitupatia, au tumekuibia?" Swali lenyewe ni matusi.

Wanawake wakaacha kuja. Hawakunitukana, walinipita tu. Mtoto aliposhikwa na kifua wakati wa baridi, hakuna aliyeleta hata jani la kuchemsha. Na chai yangu nilikuwa nachuma naye mgongoni, wakati wengine walikuwa wanaachiana watoto kwa zamu.

Hatimaye waliniambia kule tunakopimia majani. Tulikuwa kwenye foleni na vikapu vyetu, nikasema kwa mzaha kwamba siku hizi nimesahaulika, hata uji siletewi. Mama mmoja mwenye mdomo mkali alinigeukia.

"Tukuletee na nini? Na viganja? Nyumba yako ina koo, haina mkono."

Walicheka. Mwingine akasema, "Mwache, wanakula hadi vyombo."

"Na huyu wa bonde," akaendelea yule wa kwanza, akionyesha kwa kidevu nyumba ya mke kijana aliyekuwa karibu kujifungua, "shosho atampelekea kwa sufuria, kama anayempelekea mahabusu."

Shosho alikuwa papo hapo kwenye foleni. Alikuwa anatoa majani magumu kikapuni mwake, moja moja, wala hakuinua kichwa. Afadhali angenipiga.

Ijumaa ya wiki ile mke wa bonde alijifungua msichana, nikasikia vigelegele nikiwa peke yangu jikoni. Jumamosi mume wangu alikuwa na wageni, wakusanyaji wenzake kutoka Nairobi, mwanamume mwenye miwani na mwanamke mwenye shanga kubwa kama limau. Alikuwa amefungua kabati kwa ajili yao. Walishika vitu kwa ncha za vidole wakasema "aah". Yule mwanamke aliipapasa sanamu kichwani zaidi ya alivyomtazama mwanangu.

"Na hili jagi?" akauliza.

"Hili," mume wangu akasema, sauti ikalegea, "nililiokoa jikoni. Fikiria, walikuwa wanatilia uji!"

Wakacheka, wote watatu.

Mimi nilikuwa na sufuria motoni tangu asubuhi. Niliingia nayo nikiwa nimefunga mtoto mgongoni, nikamtoa yule mwanamke jagi mikononi kwa upole, nikaliweka mezani, nikaanza kumimina. Uji ulikuwa unatoa mvuke.

"Litapasuka!" mume wangu akapiga kelele. "Wewe! Mama Toto! Litapasuka!"

"Limebeba uji kabla babako hajaoa," nikamwambia. "Leo ndio lipasukie kwako?"

Halikupasuka. Yule mwenye miwani alikuwa ameziba macho kama mtoto anayedungwa sindano. Nilijaza mpaka shingoni, nikafunika na kitambaa, nikatoka kupitia mlango wa mbele, nikimpita mume wangu na mikono yake iliyokuwa hewani kama anayeombea mvua.

Shosho nilimkuta anapepeta wimbi uani. Nilimpa jagi kwa mikono miwili. Hakungoja maneno niliyokuwa nimepanga njiani. Alifunua kitambaa, akamimina kidogo kiganjani, akaonja.

"Ni mzito."

"Ndivyo tunavyopika kwetu, shosho."

"Huko Meru mnataka mtu atafune uji." Alifunika tena, akanirudishia jagi. "Kwa nini umeniletea mimi? Nimezaa? Peleka kwa mzazi. Haraka, unapoa."

Basi nikashuka bondeni. Mlango wa jikoni ulifunguliwa na yule yule mama mwenye mdomo mkali. Aliangalia jagi, akaniangalia mimi, akasogea. "Ingia, mama. Nipe huyo mtoto wako nimshike, amekuchosha." Mzazi alikunywa vikombe viwili, hakulalamika kuhusu uzito.

Niliporudi wageni walikuwa wamekwenda. Mume wangu alikuwa amekaa mbele ya kabati lake. Bata alikuwa amesogezwa kuziba pengo, na halikuzibika.

"Litarudi lini?" akaniuliza.

"Litarudi," nikamwambia. "Zaa, utaletewa."